Difu na Giaboksi ni Hesabu Moja

Kati ya mwaka 1964 na mwaka 1973 viwanda vya magari vya Marekani viliunda aina ya magari ambayo hata leo haijasahauliwa. Yalikuwa magari ya ukubwa wa kati, aghalabu ya milango miwili, ambayo ndani yake ilitiwa injini ya silinda nane iliyokusudiwa hapo awali kwa magari makubwa zaidi. Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya lita 6.4, ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza. Wamarekani waliyaita magari yenye misuli, na jina hilo liliyastahili.

Leo magari hayo yamo mikononi mwa watu wanaoyatunza na kuyafufua. Mwenye gari la namna hiyo akisha kuitengeneza injini, hukabiliwa na swali moja zito: afunge giaboksi ipi, na difu ya uwiano gani? Swali hili huonekana kuwa la mafundi peke yao. Maoni yangu ni kwamba hili ni swali la fizikia na hesabu ya shule ya sekondari, na kwamba wengi hupoteza fedha na kuzichosha injini zao kwa sababu hulijibu kwa kufuata sifa za vyuma bila ya kukokotoa. Hakuna difu iliyo nzuri au mbaya peke yake. Difu, giaboksi na tairi ni viungo vya hesabu moja, na anayenunua kiungo kimoja bila ya kuvitazama vingine hununua asichokijua.

Kazi ya gia

Injini ya petroli ina udhaifu mmoja usiokwepeka, nao ni kwamba haiwezi kutoa nguvu yoyote ikiwa imesimama. Mota ya umeme huweza kusukuma tangu mwanzo wa mzunguko wa kwanza. Injini ya petroli sharti izunguke mara mia kadhaa kwa dakika ndipo iweze hata kujiendesha yenyewe, na nguvu zake kamili huja baada ya mizunguko elfu kadhaa. Gurudumu, kwa upande wake, huanza kutoka sifuri. Kwa hiyo hapana budi pawe na kitu kati ya vitu hivyo viwili cha kuvipatanisha.

Kitu hicho ni gia, na gia ni wenzo uzungukao. Kinachopunguzwa katika kasi hupatikana katika nguvu ya kuzungusha, isipokuwa kile kidogo kinachopotea kwa msuguano. Katika magari tunayoyazungumzia kupunguza huko hufanyika mara mbili. Kwanza hufanyika katika giaboksi, ambamo dereva huchagua uwiano mmoja kati ya kadhaa. Kisha hufanyika katika difu, ambamo gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni huizungusha krauni, na uwiano wake haubadiliki isipokuwa kwa kufungua vyuma na kuvibadilisha.

Uwiano wa difu si siri yoyote, bali ni hesabu ya meno. Difu ya 3.73 ina meno 41 katika krauni na meno 11 katika pinioni, na ile ya 4.10 ina meno 41 kwa 10. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini isiwe 40 kwa 10, ili hesabu iwe nyepesi. Sababu ni uchakavu. Meno yangekuwa 40 kwa 10, kila jino la pinioni lingekutana na meno manne yale yale ya krauni maisha yake yote, na jino moja lenye kasoro lingeyaharibu hayo manne. Lakini 41 na 10 hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kabla ya kurudia, na uchakavu hugawanyika sawasawa. Hapa somo la vigawo, ambalo wanafunzi wengi huliona halina matumizi, linalinda chuma kisiliwe.

Namba inayoamua mwanzo wa safari

Kampuni ya General Motors ilitumia katika mengi ya magari haya giaboksi ya gia nne iliyoitwa Muncie, kwa jina la mji wa jimbo la Indiana ilikotengenezwa. Tangu mwaka 1966 aina ya M20 ilikuwa na uwiano wa 2.52, 1.88, 1.46 na 1.00. Aina ya M21 ilikuwa na 2.20, 1.64, 1.28 na 1.00.

Sasa tuwatazame watu wawili. Wa kwanza amesikia sifa za difu ya 4.10, naye anaifunga pamoja na M21. Wa pili anafunga difu ya 3.55, ambayo wengi huidharau kuwa ya gari la mzee, pamoja na M20. Nani kati yao ataondoka kwa nguvu zaidi? Jibu hupatikana kwa kuzidisha uwiano wa gia ya kwanza kwa uwiano wa difu:

M21 na difu ya 4.10: 2.20 × 4.10 = 9.02
M20 na difu ya 3.55: 2.52 × 3.55 = 8.95

Tofauti haifiki hata moja kwa mia. Dereva hawezi kuihisi. Yule wa kwanza amelipia sifa ya 4.10, lakini gari lake linaondoka sawa na la mwenzake. Injini haijui kama imepunguziwa kasi katika giaboksi au katika difu. Inachokihisi ni zao la namba hizo mbili.

Namba inayoamua barabara kuu

Tofauti yao itaonekana baadaye, wakiwa katika gia ya nne, ambayo kwa wote wawili ni 1.00. Tuseme tairi lina kipenyo cha sentimeta 66. Mzingo wake ni mita 2.07 hivi. Gari likienda kilometa 110 kwa saa, hupita mita 1,833 kila dakika, na kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 886 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, nawe utapata mizunguko ya injini:

Difu ya 3.31: mizunguko 2,933 kwa dakika
Difu ya 3.55: mizunguko 3,145 kwa dakika
Difu ya 3.73: mizunguko 3,305 kwa dakika
Difu ya 4.10: mizunguko 3,633 kwa dakika

Mtu wetu wa kwanza, ambaye hakupata chochote cha ziada wakati wa kuondoka, analipa karibu mizunguko 500 ya ziada kila dakika ya safari yake. Analipa kwa petroli, kwa makelele, kwa joto na kwa uchakavu wa pistoni. Deni hilo halionekani siku ya kufunga vyuma. Huonekana baada ya saa tatu za safari.

Kwa nini basi 4.10 ilipata sifa? Iliipata kwa haki, lakini mahali pengine. Michezo iliyoyapa magari haya jina ilikuwa mashindano ya robo maili, yaani mita 402 katika mstari ulionyoka, kutoka kusimama hadi mwisho. Gari zuri la wakati huo liliweza kumaliza umbali huo likiwa na kasi ya kilometa 160 kwa saa hivi. Kwa tairi letu na difu ya 4.10, katika gia ya nne, kasi hiyo ni mizunguko 5,280 ya injini kwa dakika, ambapo injini nyingi za aina hiyo zilikuwa karibu na kilele cha nguvu zao. Kwa difu ya 3.31 ingekuwa mizunguko 4,260 tu, na sehemu ya nguvu ingebaki bila ya kutumika. Kwa hiyo 4.10 ni jibu sahihi la swali la mita 402. Kosa ni kulitumia jibu hilo kwa swali la kilometa 300.

Mpaka unaowekwa na tairi

Wako wanaodai kwamba kadiri zao la gia ya kwanza linavyokuwa kubwa, ndivyo gari litakavyoondoka upesi. Fizikia inaweka mpaka. Tuseme injini inatoa nyutoni-mita 500, kiasi ambacho si kikubwa kwa injini hizi. Kwa zao la 9, nguvu ya kuzungusha katika ekseli inafika nyutoni-mita 4,500. Ukigawa kwa nusu kipenyo cha tairi, ambayo ni mita 0.33, kani inayotaka kulisukuma gari ni nyutoni 13,600 hivi. Hata tukiondoa sehemu 15 kwa mia kwa ajili ya msuguano ndani ya gia, zinabaki nyutoni 11,600.

Je, tairi laweza kuipokea kani hiyo? Gari lina uzito wa kilogramu 1,700. Tuseme nusu yake inakaa juu ya magurudumu ya nyuma wakati wa kuondoka, yaani kilogramu 850, ambazo ni nyutoni 8,300 hivi. Kizigeu cha msuguano kati ya tairi la kawaida na lami kavu kikiwa 0.9, kani kubwa kabisa inayoweza kushikwa ni nyutoni 7,500. Kwa hiyo tairi litateleza kabla injini haijatoa nguvu zake zote. Anayeongeza uwiano hapo anaongeza moshi wa mpira, wala haongezi mchapuko. Anayetaka mchapuko zaidi mwanzoni ashughulikie kwanza matairi na springi za nyuma.

Zao la gia ya kwanza lina faida nyingine, ambayo wapenda mbio huisahau: humhudumia dereva anapoondoka polepole katika msongamano. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, gari lenye zao la 9 huwa linakwenda kilometa 11 kwa saa pale klachi inapomaliza kushika. Ukifunga M21 na difu ya 3.31, zao ni 7.28, na klachi itateleza mpaka kilometa 14 kwa saa. Hizo kilometa tatu ni joto linaloila klachi kila mara taa inapowaka kijani. Kwa giaboksi ya klachi napendekeza zao lisipungue sana chini ya 9, wala lisipite 11.

Giaboksi ya otomatiki huhesabiwa tofauti. Kati yake na injini kuna chombo kilichojaa mafuta, ambacho mafundi hukiita konvata, nacho huweza kuizidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka. Ndiyo sababu otomatiki maarufu ya General Motors, Turbo-Hydramatic 400, iliweza kutosheka na gia tatu tu, 2.48, 1.48 na 1.00, na difu ya 3.31 au hata 3.08.

Nafasi kati ya gia

Mtu atauliza: kama M20 huondoka kwa urahisi zaidi, M21 iliundwa kwa ajili gani? Jibu limo katika nafasi kati ya gia moja na nyingine. Dereva akibadili kutoka gia ya tatu kwenda ya nne kwenye mizunguko 6,000, injini yenye M20 hushuka hadi 4,110, na yenye M21 hushuka hadi 4,690 tu.

Kushuka huko kuna madhara au hakuna, kutegemea injini. Chevrolet Camaro Z/28 ya mwaka 1969 ilikuwa na injini ya lita 4.9 tu, iliyopimwa ukubwa wake ili iingie katika kanuni za mashindano ya Trans-Am. Nguvu zake zilikuwa juu, katika mizunguko mingi. Injini ya namna hiyo ikishuka mno hulegea, kwa hiyo kiwanda kiliipa gia nne na difu ya 3.73. Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye injini ya lita 7.4 ilikuwa kinyume chake: nguvu yake ya kuzungusha ilikuwa tele hata chini, na nafasi pana kati ya gia haikuisumbua. Kumpa mwenye lita 7.4 giaboksi ya Z/28 kwa sababu ya jina lake ni sawa na kumvika mtu kiatu cha mwingine kwa sababu mwenyewe alishinda mbio.

Gia ya tano na masharti yake

Mabishano ya zamani kati ya kuondoka kwa nguvu na kusafiri kwa utulivu yalitokana na ufinyu wa giaboksi zenyewe. Gia ya mwisho ilikuwa 1.00, na difu ililazimika kutumikia mabwana wawili. Baada ya bei ya mafuta kupanda kufuatia vikwazo vya mwaka 1973, viwanda vilitafuta njia, na ovadraivu, yaani gia ya juu yenye uwiano ulio chini ya 1, ikaenea. Mwaka 1982 General Motors ilitoa otomatiki ya 700R4, yenye 3.06 kwa gia ya kwanza na 0.70 kwa ya nne. Baadaye kampuni ya Tremec ilitengeneza giaboksi za klachi zenye gia tano zinazofaa kwa magari haya ya zamani. Ile iliyoitwa TKO-600 ilikuwa na 2.87, 1.89, 1.28, 1.00 na 0.64.

Ifunge giaboksi hiyo pamoja na ile difu ya 3.55 iliyodharauliwa. Zao la gia ya kwanza ni 10.19, kubwa kuliko la mtu wetu mwenye 4.10. Zao la gia ya tano ni 2.27, na injini huzunguka mara 2,013 tu kwa dakika kwenye kilometa 110 kwa saa. Kwa kila kilometa mwenye 4.10 huizungusha injini yake mara 1,981, na huyu mara 1,098. Katika safari ya kilometa 300 tofauti yao inapita mizunguko robo milioni. Kwa gari linaloendeshwa barabarani, huu ndio mpango ninaoutetea.

Lakini ovadraivu ina masharti yake. Kwanza, difu isiwe ndefu mno. Ukitia 0.64 juu ya difu ya 2.73, injini itazunguka mara 1,550 hivi kwenye kasi ile ile, na injini yenye kamshafti ya mashindano italemewa na kutikisika. Pili, ovadraivu huipumzisha injini, lakini haiupumzishi mhimili wa propela, kwa kuwa mhimili huo uko baada ya giaboksi. Kwa difu ya 4.10 utazunguka mara 3,633 kwa dakika, uwe na gia ya tano au usiwe nayo. Kwa hiyo sharti uwe umenyooka na kusawazishwa. Tatu, giaboksi mpya huweza kuwa pana kuliko nafasi iliyo chini ya sakafu, na bati kulazimika kukatwa. Nne, kipimo cha kasi sharti kirekebishwe. Tano, ukibadili matairi umebadili difu pia: tairi la inchi 28 badala ya 26 huifanya difu ya 3.73 itende kazi kama 3.46.

Hoja za wanaopinga

Wapo wahifadhi wanaosema kwamba gari la mwaka 1969 lenye giaboksi ya karne hii si gari la mwaka 1969 tena. Hoja hiyo ina uzito. Gari ambalo bado lina vyuma vyote lilivyotoka navyo kiwandani ni hati ya historia, na hati haifutwi ili kupunguza makelele. Kwa gari la namna hiyo, nashauri lisikatwe bati, na giaboksi ya asili ibaki. Uwiano wa difu pekee waweza kubadilishwa, na krauni na pinioni za zamani zihifadhiwe kwa mafuta. Lakini magari mengi yalikwisha kubadilishwa zamani, na kwayo hoja hiyo haipo.

Wapo pia wanaosema kwamba furaha ya gari hupimwa kwa moyo, wala haipimwi kwa namba. Sikatai kwamba kila mtu ana ladha yake. Lakini hesabu haimnyang'anyi mtu ladha. Humwonyesha tu bei yake. Mwenye kupenda makelele ya mizunguko 3,600 na achague 4.10 akijua. Ninayemhurumia ni yule aliyeichagua akidhani kwamba ataondoka upesi zaidi, naye hakuondoka. Mtaka yote hukosa yote.

Utaratibu unaofaa

Anayetaka kuchagua na aanze nyuma, aje mbele. Apime mzingo wa tairi. Aamue kasi atakayosafiri nayo kwa kawaida. Aulize injini yake hupenda kuzunguka mara ngapi kwa dakika kwenye kasi hiyo, na kutokana na hayo apate zao la gia ya juu. Kisha apate zao la gia ya kwanza. Ndipo atazame nafasi kati ya gia, na uwezo wa giaboksi kubeba nguvu ya injini. Baada ya hayo yote ndipo afungue mkoba wa fedha.

Kwa ndugu walimu, nasema kwamba uwiano hufundishwa vyema pale ambapo jibu lisilo sahihi linagharimu kitu. Mwanafunzi asiyepata kuliona gari la Marekani ataielewa hesabu hii kwa kuhesabu meno ya baiskeli, mbele na nyuma, na kupima mzingo wa gurudumu lake. Kisha apewe swali hili. Ford ilikuwa na giaboksi moja ya gia nne yenye gia ya kwanza ya 2.78, na nyingine yenye 2.32, gia ya nne ya zote mbili ilikuwa 1.00. Mtu mmoja amefunga ile ya kwanza na difu ya 3.25, na mwingine ile ya pili na difu ya 3.91. Matairi yao yana kipenyo cha sentimeta 66. Nani ataondoka kwa nguvu zaidi, na nani atafika mbali kwa petroli kidogo?